Bi Taabu na Daktari Asiyetoka Nje

Madaktari waliosoma Kilindimo walijulikana nchi nzima kwa jambo moja: walikuwa wanatoka nje. Unaingia chumbani kwa daktari, unasalimiwa vizuri, unaulizwa unaumwa nini, unajibu. Kisha daktari ananyanyuka, anakushukuru, anafungua mlango na kwenda zake. Hujakaa sawa, anarudi. Anavuta kiti karibu na kukuuliza kwa sauti ya chini, "Na kingine?"

Wagonjwa walishazoea. Wazee wa wilaya za nyanda za juu waliamini kabisa kwamba huko nje kuna mtambo ambao daktari anakwenda kuuchungulia, na wakipangiwa daktari wa chuo kingine, aliyekaa kitini mwanzo mpaka mwisho, walirudi nyumbani wakilalamika kwamba hawakupimwa.

Na madaktari hao walikuwa hawakosei. Hilo ndilo lililoleta balaa.

Siku hizo kila daktari, wa chuo chochote, alitembea na kurunzi ya tiba. Ukimmulika mgonjwa huku ukiitajia kurunzi ugonjwa unaoushuku, inakujibu papo hapo kama upo au haupo, na haikosei. Lakini lazima uitajie. Magonjwa ni maelfu kwa maelfu, na kurunzi ikishamulika mara tatu huchoka mpaka kesho yake, haisikii dua wala kofi. Kwa hiyo kazi ya udaktari ilikuwa imebaki moja tu, kumfanya mtu aseme kinachomsumbua, na kazi hiyo iliwashinda madaktari wa vyuo vyote vikubwa vyenye majengo ya vioo. Wa Kilindimo, chuo cha umma kilichojengwa kwenye ukungu katikati ya mashamba ya chai na viazi, waliifanya kama mchezo.

Ndipo Baraza la Ukaguzi wa Vyuo vya Tiba likaamua kumtuma mkaguzi.

"Anakuja kutusifu," alisema Profesa Kiswaga, Mkuu wa Kitivo cha Tiba, akiwa ameshika tama nyuma ya meza yake. "Hilo ndilo tatizo, Subilaga. Angekuwa anakuja kutugombeza, ningelala usingizi."

Dkt. Subilaga Mwaisaka, msimamizi wa mitihani ya kitivo, alikuwa amekaa mbele yake na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye uso wa upole na tabia ya kusema ndiyo kwenye vikao halafu kujuta ngazini.

"Amesema anataka kuona nini, Profesa?"

"Siri ya mafanikio yetu. Ndivyo alivyosema, kwa maneno yake mwenyewe. Anataka aijue akaifundishe nchi nzima." Profesa aliitazama picha ya marehemu Profesa Mtitu, mwanzilishi wa kitivo, iliyotundikwa ukutani, kana kwamba marehemu angeweza kushuka na kumpokea mzigo. "Na atakaa kwenye mtihani wa Ijumaa. Nani yuko Ijumaa?"

"Mmoja tu. Anarudia kwa mara ya mwisho. Ombeni Nyalusi."

Profesa alifumba macho. "Yule asiyetoka nje."

"Huyo huyo."

Ili mtu aelewe kwa nini profesa mzima alianza kutokwa kijasho chembamba kwenye baridi ya Julai, inabidi ajue Kitivo cha Tiba cha Kilindimo kilivyozaliwa. Kilizaliwa kinyumenyume. Kiongozi mmoja aliyekuwa anatafuta makofi aliwaahidi wananchi chuo cha madaktari, makofi yakapigwa, na chuo kikafunguliwa wakati hospitali ya kufundishia ikiwa bado shimo la msingi lililojaa maji ya mvua na vyura. Wanafunzi wa mwanzo hawakuwa na mgonjwa hata mmoja. Walipimana wenyewe kwa wenyewe. Walisikilizana mapafu, wakabonyezana matumbo, na inasemekana ndoa kadhaa zilitokana na somo la ini. Lakini walikuwa vijana wazima kama ng'ombe wa maonyesho, na mtu hawezi kujifunza ugonjwa kwa mzima.

Profesa Mtitu, ambaye hakuwa mtu wa kukaa akinung'unika, alivuka barabara mpaka Kitivo cha Uhandisi, walikokuwa wanaunda mashine za kuchuma chai, akawaambia anaomba mgonjwa. Wahandisi walicheka, kisha wakaona si mzaha. Mwili waliutengeneza kwa sponji la godoro na mpira. Sauti na tabia walizichota kwa akina bibi wa zahanati za jirani, ambao kwa ridhaa yao walirekodiwa wakiwa kwa daktari, kuanzia salamu hadi mlango ulipofungwa. Walipoiwasha mashine, iliguna, ikajishika kiuno na kusema, "Haya, nimekuja." Wakaiita Bi Taabu.

Bi Taabu aliweza kuugua chochote, na kurunzi ilimjibia kama mtu. Asubuhi moyo, mchana figo, jioni kichaa cha mbwa. Hospitali ilipokwisha kujengwa, sheria mpya za faragha zilikuwa zimekataza kumtahini mwanafunzi kwa mtu aliye hai, na Bi Taabu akabaki kitandani kwake katika wodi ya mtihani, na kila daktari wa Kilindimo akapita mikononi mwake.

Kasoro ilikuwa moja. Wale akina bibi wa zahanati, hata mmoja, hakumwambia daktari ukweli akiwa amekaa kitini. Kwanza walisema malaria. Wakibanwa walisema mgongo. Daktari anaandika dawa, wanashukuru, wanajifunga khanga vizuri, wanakwenda, na wakishashika kitasa cha mlango ndipo wanageuka: "Na kitu kingine kidogo, daktari." Hicho kidogo ndicho kilichowatoa nyumbani alfajiri. Bi Taabu aliyarithi haya yote kama yalivyo, ila yeye hakuwa na miguu ya kumfikisha mlangoni. Kwa hiyo alisema ukweli pale tu daktari alipokwenda mlangoni kwa niaba yake.

Jambo hili liligunduliwa na mwanafunzi aliyebanwa na haja ndogo katikati ya mtihani. Alirudi akiwa amepata nafuu na akiwa na jibu. Usiku ule alilisimulia bwenini, na tangu hapo kila darasa liliwanong'oneza waliofuata: ukimaliza maswali yako, toka, funga mlango, rudi. Hakuna aliyefeli tena. Walipohitimu walikwenda na tabia hiyo kazini, na kwa kuwa binadamu ndiye aliyemfundisha Bi Taabu, binadamu nao wakafunguka vilevile. Hata waliokuja kuwa walimu wa kitivo, akiwemo Profesa Kiswaga na akiwemo Subilaga, walipita mlango huo huo.

Kwa lugha ya Baraza, huko kunaitwa kuvuja kwa mtihani. Adhabu yake ni kufutiwa vyeti, na hapa wangefutiwa madaktari wa mikoa mizima, pamoja na yule aliyekuwa anampima Profesa presha.

* * *

Ombeni Nyalusi alikuja ofisini kwa Subilaga siku ya Jumatano. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho, na aliongoza darasa kwa kila somo lililowahi kuandikwa kitabuni.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Nyalusi. Kaa."

"Nitasimama, Dokta, sitakuchelewesha. Nimefeli mara mbili kwa Bi Taabu. Nataka kujua ninakosea wapi. Siombi upendeleo, naomba kuelekezwa tu."

Subilaga alitazama kalamu yake. Alijua fika kijana alikokosea. Nyalusi hakulala bwenini hata siku moja. Aliishi mjini kwa shangazi yake aliyekuwa anaugua miguu, na darasa likiisha alikwenda kumpikia. Lakini hata angelala bwenini asingeambiwa. Mwaka wa pili mwenzake alimtajia kwa bahati mbaya swali la mtihani lililokuwa limevuja, na Nyalusi akaenda mwenyewe kwa Mkuu wa Kitivo kujishtaki, akaomba apewe sifuri. Tangu siku hiyo, akiingia ukumbini watu walianza kuongelea mvua.

"Unatumia muda wako vipi?" aliuliza Subilaga.

"Wote, Dokta. Mpaka kengele."

Hapo ndipo palipokuwa na msiba. Kwa kanuni za marehemu Profesa Mtitu, kengele ikilia Bi Taabu anazimika, ili watahiniwa wasimng'ang'anie. Nyalusi hajawahi kumwona akiwa macho wakati yeye yuko mlangoni.

"Ungejaribu kumaliza mapema kidogo," alisema Subilaga.

"Mapema?" Nyalusi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nimwache mgonjwa na muda bado upo?"

"Si kumwacha. Unatoka tu... unapunga hewa."

"Dokta, mtu amekuja kwako anaumwa, wewe unakwenda kupunga hewa?"

Subilaga alitamani amvute yule kijana kwa kola na kumweleza kila kitu, akaiona picha nzima: Nyalusi akisikiliza kwa makini, akishukuru, akishuka ngazi, na kwenda moja kwa moja kujishtaki kwa mkaguzi.

"Shangazi hajambo?" aliuliza badala yake.

"Hajambo kidogo. Ameshawaambia majirani kwamba Jumamosi tutachinja jogoo." Nyalusi aligeukia mlango. "Nimemwambia asubiri."

Alipotoka, Subilaga alikaa muda mrefu akiichukia nafsi yake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo zaidi kidogo kuliko alivyodhani, akanyanyuka kwenda wodi ya mtihani.

Bi Taabu alikuwa amelazwa chali, blanketi kifuani, akiangalia dari kwa kero. Mpira wa shavu lake la kushoto ulikuwa umebandikwa kiraka cha rangi tofauti kidogo.

"Umekuja," alisema. "Mimi naumwa malaria."

"Sijaja kukupima, Bi Taabu. Nimekuja kuongea. Ijumaa atakuja kijana, Nyalusi."

"Mrefu? Anauliza mpaka unasahau jina lako. Kijana mzuri."

"Nakuomba kitu. Ijumaa, mwambie mapema. Usimsubirishe."

"Nimwambie nini?"

"Hicho kitu kingine."

"Kitu gani kingine, mwanangu? Mimi nina mgongo tu."

Subilaga alinyanyuka, akatoka, akafunga mlango, akahesabu kimoyomoyo kama alivyofanya ujanani, akarudi, akageuka kuufunga mlango nyuma yake.

"Daktari," alisema Bi Taabu, sauti imeshuka, "na kitu kingine kidogo. Huyo kijana wako hajawahi kunirudia. Wenzake wote wanarudi. Yeye ananikazia macho mpaka nazimika."

"Basi mwambie hivyo hivyo akikukazia. Useme."

"Niseme? Mchana kweupe, mtoto wa kiume amenitolea macho namna hiyo, niseme mambo yangu?" Bi Taabu alivuta blanketi mpaka kidevuni. "Wewe umelelewa wapi?"

Njia nyingine ilikuwepo, na Subilaga aliijua. Fundi wa kitivo angeweza kumnyoosha Bi Taabu kwa muda wa kunywa chai, aibu yote ifutwe, awe anajibu akiulizwa. Nyalusi angefaulu. Kila mtu angefaulu, wiki hiyo na miaka yote. Wangetoka hapo na vyeti vyao wakakutane na bibi wa kweli kwenye zahanati ya kweli, naye angewaambia malaria, nao wangempa dawa ya malaria, akaenda kufa nyumbani kwa heshima zake. Subilaga aliliwaza hilo kwa dakika moja nzima, kisha akamrekebishia Bi Taabu mto na kuondoka bila kumwita fundi.

* * *

Mkaguzi alifika Alhamisi. Dkt. Raya Khatib alikuwa mama wa makamo kutoka Pemba, mfupi, mtulivu, mwenye koti zito alilonunua njiani baada ya kushuka kwenye gari na kukutana na baridi ya Kilindimo. Alisalimia kila mtu, hadi mlinzi, kwa salamu ndefu zenye vituo, na hakuna aliyemwogopa mpaka alipoanza kuuliza maswali.

"Hebu niambie, ndugu yangu," alimuuliza mhadhiri wa magonjwa ya ndani, "madaktari wenu hufundishwa lini hili la kutoka nje? Maana nimeutafuta mtaala wote, sikuliona."

Mhadhiri wa magonjwa ya ndani alisema ni sababu ya hewa ya huku, mtu anahitaji kunyoosha miguu. Mhadhiri wa upasuaji alisema ni viazi, vina nguvu, mtu hawezi kukaa. Mhadhiri wa magonjwa ya akili, aliyetarajiwa kuwa na jibu la maana, alisema samahani kuna mtu anamwita, akatoka, na hakurudi.

"Mbona wote mwatoka jasho?" aliuliza Dkt. Raya.

"Ni malaria," alisema Profesa Kiswaga.

Ijumaa asubuhi walikuwa watano katika wodi ya mtihani. Bi Taabu kitandani, Nyalusi kwenye kiti kando yake, na kwenye meza ya watahini, karibu na mlango, Profesa Kiswaga, Dkt. Raya na Subilaga upande wa mwisho. Kengele ya shaba ilikuwa mbele ya Profesa. Alikuwa ameiweka karibu mno na mkono wake, kama mtu anayetaka jambo liishe.

"Shikamoo, bibi," alisema Nyalusi.

"Marahaba, mwanangu. Habari za kwenu?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Ndiyo hivyo, nimelala."

Salamu zilikuwa nzuri. Dkt. Raya aliinamisha kichwa kwa kuridhika. Kisha Nyalusi akauliza anaumwa nini.

"Malaria," alisema Bi Taabu.

Nyalusi hakukurupuka. Aliuliza homa ilianza lini, inapanda saa ngapi, jasho linatoka au halitoki, anakula nini, analala wapi, kama kuna mwingine nyumbani anayeumwa. Alichukua kurunzi, akamwomba radhi mgonjwa, akamulika na kutaja malaria. Kurunzi ikatoa mwanga mweupe. Haipo.

"Basi ni mgongo," alisema Bi Taabu.

Akauliza mgongo. Aliuliza mgongo kwa namna ambayo Subilaga, kwa miaka yote ya kusikiliza watahiniwa, hakuwahi kuisikia. Wengine wote waliuliza haraka haraka ili wawahi mlango. Huyu aliuliza kama mtu mwenye mgonjwa mmoja duniani. Aliinama, macho kwenye uso wa Bi Taabu, hata kope hakupepesa, na Bi Taabu akazidi kujikunyata ndani ya blanketi. Nyalusi alitaja figo. Mwanga mweupe. Haipo.

Ikabaki kumulika mara moja.

Subilaga aliitazama saa ya ukutani. Muda ulikuwa unakatika, na kijana yule alikuwa anautumia wote, kila chembe, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kumheshimu mtu. Kengele italia. Bi Taabu atazimika. Nyalusi atasimama, atashukuru, atakwenda mjini kumwambia shangazi yake amwache jogoo. Na Jumatatu kitivo kitapewa sifa nchi nzima kwa jinsi kinavyofundisha kusikiliza. Aliwaza pia cheti chake, na cha Profesa, na cha binti mmoja aliyehitimu hapo, daktari pekee wa hospitali nzima ya wilaya kule bondeni, akitoka na kurudi, akitoka na kurudi, na watu wakipona.

Mtu hawezi kuyapima mambo hayo mawili kwenye mizani moja. Subilaga alijaribu, akashindwa, na mdomo wake ukamtangulia.

"Nyalusi," alisema, "toka nje."

Kijana alitazama upande wake. "Dokta?"

"Toka nje, funga mlango, halafu urudi."

Profesa Kiswaga alipaliwa na mate. Dkt. Raya aliweka kalamu mezani taratibu. "Kwa nini atoke?"

"Kwa sababu sote tulitoka," alisema Subilaga. "Mtaala hauna kitu, Dokta Raya. Mgonjwa huyu hasemi ukweli mpaka umefika mlangoni. Tunaambizana bwenini. Kila aliyefaulu hapa aliambiwa, mimi niliambiwa, Profesa aliambiwa. Huyu peke yake hakuambiwa. Tulimwogopa kwa sababu ni mwaminifu, na sasa tunataka kumfukuza kwa sababu hiyo hiyo."

Ukungu ulikuwa umeegemea kwenye vioo vya madirisha.

"Yote hayo?" aliuliza Dkt. Raya. "Miaka yote?"

"Subilaga hajisikii vizuri," alisema Profesa Kiswaga kwa sauti ndogo. "Ni malaria."

Nyalusi alikuwa amesimama. Alikigeukia kitanda kwanza, kana kwamba anamwomba mgonjwa ruhusa, kisha akaigeukia meza ya watahini, mwili mzima, na kwa mara ya kwanza tangu aingie chuoni uso wake ulikuwa na hasira.

"Kumbe mlijua," alisema. "Jumatano nilikuja ofisini kwako, Dokta. Nilikuuliza nakosea wapi. Ukaniambia nikapunge hewa."

"Niliogopa."

"Na siwezi kutoka. Hata sasa mmeniambia, siwezi. Kumuaga mtu kwa uongo ili aogope kuachwa, aseme? Huo si udaktari. Nifukuzeni tu, mimi sitoki humu ndani wakati mtu anaumwa, sitoki hata mkinibeba, na kama..."

"Daktari," ilisema sauti kutoka kitandani.

Nyalusi aliikata sentensi katikati, bado akiitazama meza.

"Na kitu kingine kidogo."

Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna mtu aliyekuwa ameukaribia. Nyalusi aligeuka kwa haraka na kumkazia macho Bi Taabu.

"Kitu gani, bibi?"

"Mgongo tu, mwanangu," alisema Bi Taabu, na blanketi likapanda mpaka puani.

Nyalusi alitazama mlango. Akamtazama Bi Taabu. Akaangalia mahali alipokuwa amesimama yeye mwenyewe sekunde chache zilizopita, na mgongo wake ulikokuwa umeelekea, kitandani. Subilaga alimwona akifikiri, na aliona pia, palepale, kile ambacho kitivo kizima hakikuwahi kukiona kwa miaka yote ya kufungua na kufunga milango. Akajisikia mjinga, na ilimpendeza.

Nyalusi alikichukua kiti. Akakiinua, hakukiburuta, akakigeuza kikatazama ukuta, akaketi na mgongo wake karibu kabisa na ukingo wa kitanda. Kurunzi aliiweka mapajani. Mikono akaikunja juu yake.

"Niko hapa, bibi," aliuambia ukuta. "Siendi popote. Natazama ukuta tu, nao una doa la unyevu. Sema ukiwa tayari."

Bi Taabu alikohoa kidogo. Kisha, kwa sauti iliyokuwa ya bibi fulani wa zahanati fulani, ambaye huenda alikwisha kufa zamani, akaanza.

"Ni damu, mwanangu. Naona damu. Na mimi siku zangu zilikwisha tangu mjukuu wa kwanza hajazaliwa, sasa hii inatoka wapi? Nilisema itaacha. Haikuacha. Binti yangu sijamwambia, mume wa binti yangu ndiyo kabisa. Kitambaa nafua mwenyewe, naanika nyuma ya nyumba, nikiulizwa nasema ni cha jikoni..."

"Pole, bibi," alisema Nyalusi. Hakugeuka. "Ilianza lini?"

"Viazi vilikuwa havijavunwa. Na usiku nikilala na mume wangu, ndiyo inazidi. Hilo nalo nikisema nitaonekana..."

"Hutaonekana kitu. Endelea."

Dkt. Raya alikuwa amesogea mbele kitini, koti limemwanguka bega moja na hajui. Subilaga alikuwa analia waziwazi, na alijua Jumatatu ataitwa mbele ya Baraza ajibu maneno yote aliyoyasema, na angeyarudia kama yalivyo. Saa ya ukutani ikafika mwisho wa muda. Profesa Kiswaga, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuvunja kanuni iliyokuwa imeandikwa, alinyoosha mkono kuelekea kwenye kengele, na Dkt. Raya akaudaka kwa mikono yake miwili, akaushikilia hapo juu ya meza.

"Subiri, Profesa," alimnong'oneza. "Mgonjwa anazungumza."